Ukienda Kilwa Kisiwani, Anza na Maji

Mara ya kwanza niliwapeleka watu kumi na mmoja Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale wa masultani, na wote kumi na mmoja walirudi wamenuna. Shangazi yangu hadi leo akisikia neno "magofu" anauliza kwanza kama huko kuna kiti.

Ratiba niliyotumiwa na wakala mmoja wa Dar ilipendeza sana kwenye simu. Kuondoka saa tisa usiku, chai Nangurukuru, kisiwani saa tano asubuhi, chakula saa nane, na kurudi Dar usiku uleule. Tarehe niliichagua mwenyewe: Jumamosi ya mwezi mpevu, kwa kuwa nilidhani picha zitatoka vizuri. Mimi ni mtoto wa Morogoro, bamvua, yaani siku bahari inapojaa sana na kupwa sana, nililijua kama neno la kwenye kamusi. Sikujua kwamba mwezi ukiwa mpevu, au ukiandama, bahari ya mwambao huu hujaa alfajiri, saa kumi na ushei, kisha hupwa mpaka saa nne na nusu, saa tano asubuhi. Yaani tulifika gatini Masoko, mji wa bara unaotazamana na kisiwa, saa ileile ambayo bahari ilikuwa imejiondokea. Ng'ambo mashua ikagoma kusogea. Tulishuka mbali na ufukwe, tukakanyaga tope na mwani, shangazi ameshika viatu mkono huu na mkoba mkono ule, hasemi kitu. Mnaomjua mtu mzima akinyamaza mnaelewa.

Tulipoyafikia magofu jua lilikuwa utosini. Kiongozi tuliyemwokota palepale gatini alituzungusha saa moja na robo, jicho moja kwetu, jingine kwenye saa yake. "Huu msikiti. Karne ya 11. Twende." Tukaenda.

Nimerudi mara tatu tangu siku ile, na sasa nina msimamo ambao marafiki zangu wa safari za wikiendi hawaupendi. Watu tunapanga ziara ya Kilwa kuanzia kwenye gari, nyama na fulana za kufanana, halafu maji na kiongozi tunamwachia Mungu. Ipangwe kinyume chake. Ukishajua maji yanajaa saa ngapi na nani atakusimulia, mengine yote yatajipanga, hata hizo fulana.

Nianze na umbali, niumalize haraka. Ziara ya Kilwa ya siku moja kutoka Dar ni uongo. Ni kilomita kama 300: Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, daraja la Mkapa juu ya Rufiji lililofunguliwa mwaka 2003, Somanga, halafu Nangurukuru unapinda kushoto kuteremka Masoko. Mzee wangu anasema kabla ya daraja mtu alikuwa anaweza kulala kwenye foleni ya kivuko, kwa hiyo tushukuru tulipofika. Lakini kwenda na kurudi siku hiyohiyo ni kulipia saa kumi na mbili za kukaa kwenye kiti ili upate saa mbili za kusimama juani. Siku moja ya Kilwa huhesabiwa kuanzia gatini Masoko. Lala Masoko usiku wa kwanza. Na masika ikipamba moto, tulia nyumbani; mwezi Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, mvua ziliikata barabara hiyo ya kusini na magari yakakwama Somanga.

Sasa maji. Ukitaka kuvuka asubuhi na mapema, maji yakiwa yanapanda, tafuta siku za maji mafu, yaani mwezi nane au mwezi ishirini na mbili hivi, kwa hesabu ya mwezi unaoandama. Siku hizo maji hujaa kwenye saa nne asubuhi, na hayapwi sana wala hayajai sana. Unavuka saa moja, chombo kinasogea mpaka karibu na ufukwe, na bibi yako anashuka kama bibi. Kama huna mtu wa pwani wa kumuuliza, mpigie nahodha siku tatu kabla. Swali ni moja tu: "Jumamosi maji vipi?" Nahodha atakayekujibu "njooni tu, hakuna shida", tafuta mwingine.

Na maji hayo si habari ya viatu tu. Kisiwa chenyewe kimeanza na hadithi ya maji. Masimulizi ya kale ya Kilwa yanasema Ali bin Hassan, aliyetoka Shirazi, Uajemi, alikinunua kisiwa kutoka kwa mwenyeji wa bara kwa nguo, nguo za kutosha kukizunguka kisiwa kizima. Zama hizo, wanasema, maji yakipwa mtu aliweza kuvuka kwa miguu. Yule mwenyeji alipojutia biashara akarudi na watu wake, akakaa ng'ambo kungoja maji yapwe ampokonye mnunuzi kisiwa chake. Akangoja. Maji hayakupwa tena kama zamani. Wengine wanasema wageni walichimba mkondo ukawa na kina, wengine wanasema zilisomwa dua. Wanahistoria wengi leo hawaimezi hadithi ya Shirazi nzimanzima, na mimi siwalaumu. Ila isikilize ukiwa umesimama Masoko, unautazama ule mkondo mwembamba ambao leo haukanyagiki, ndipo utaona kwa nini watu wameitunza karne zote hizi. Mimi niliisikia mara ya pili. Mara ya kwanza hakuna aliyekuwa na muda wa kunisimulia.

Ndiyo maana nasema kiongozi hapatikani gatini. Anatafutwa siku moja kabla, anaulizwa, anapatanwa naye. Kuna ada ya kuingia, inalipwa Masoko kabla ya kuvuka. Siku hizi magofu yako chini ya TAWA, watu wa wanyamapori. Kwangu bado ni kichekesho kidogo mihrabu kulindwa na idara ya simba, lakini mradi inalindwa. Bebeni vitambulisho, mwenyeji halipi sawa na mgeni. Hiyo ni risiti. Kiongozi ni jambo jingine, na kwake usibane shilingi. Mimi nauliza mambo matatu: umezaliwa kisiwani? Utatupa saa tatu kamili? Utatuongoza kwa Kiswahili? Hili la tatu linawashangaza wengi wao, maana wameshazoea kuisimulia Kilwa kwa Kiingereza, na nimewahi kuongozwa na kijana ambaye alikuwa anatafsiri kichwani Kiingereza cha watalii ili aturudishie Kiswahili. Ilikuwa kama kula ugali uliopashwa mara mbili.

Kwa Kiswahili mahali penyewe panasema. Mzee aliyetuongoza mara ya pili alitusimamisha mbele ya Gereza, ngome ile ya ufukweni, akauliza kwa nini inaitwa gereza ilhali hakufungwa mtu wa wizi wa kuku humo. Tukabaki kutazamana. Akasema Wareno walipoingia mwaka 1505 walijenga ngome yao hapo, na neno letu limetokana na lao, igreja, maana yake kanisa. Mwaka 1512 wakaondoka. Kinachosimama leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani waliokuja baadaye, lakini jina limeshinda kuta. Tukaenda Makutani, kasri la karne ya 18. Akamuuliza binti yangu: ukuta mmoja, mbili je? Kuta. Zikiwa kubwa kubwa? Makuta. Basi hapa tupo wapi? Mtoto akajibu mwenyewe. Hakuna kibao kingeweza kumfundisha hivyo.

Msikiti Mkuu ndipo tulipokaa sana, na hapo ndipo kiongozi wa kwanza alipotudhulumu. Usiingie ukidhani unaona jengo moja. Upande wa kaskazini ni mdogo, wa zamani zaidi, ulianza karne ya 11. Upande wa kusini, ule mpana wenye kuba na dari za mviringo kama pipa lililolazwa, uliongezwa karne ya 14 na Sultani al-Hassan bin Sulaiman, ukaanguka, ukajengwa upya karne ya 15. Mzee wetu aliweka kiganja kwenye nguzo akatueleza jiwe lenyewe: matumbawe. Yale ya nchi kavu ni magumu, ya kujengea ukuta. Yale yanayotolewa baharini yakiwa bado mabichi ni laini, unayachonga kwa kifaa chepesi upendavyo, yakikauka yamekuwa jiwe. Mihrabu hizi zote zenye nakshi zilichongwa mbichi. Chokaa nayo ni matumbawe yaliyochomwa kwa kuni. Halafu akatupeleka kwenye vyumba vya nyumba za kale, akaniambia nivipime kwa hatua. Vyote vyembamba, virefu, upana unaokaribiana. Kwa nini? Kwa sababu dari ilikaa juu ya boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haivuki mita tatu bila kupinda. Mji mzima wa masultani ulikatwa kwa kipimo cha mti wa tope. Mimi ni fundi seremala kwa kazi, na nilisimama pale kama niliyepigwa.

Kuna watakaoniambia haya yote yako kwenye intaneti. Yapo. Lakini intaneti haikushiki kiganja ukakiweka kwenye nguzo.

Neno kuhusu sarafu. Kilwa ilifua sarafu zake za shaba zenye majina ya masultani, na zilisafiri mbali: moja ilichimbuliwa Great Zimbabwe, mji wa kale wa mawe kulikotoka biashara ya dhahabu iliyopitia bandari ya Sofala, Msumbiji, na tano ziliokotwa mwaka 1944 visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Mtoto akikuletea kijisarafu au kipande cha kaure ya Uchina alichookota mchangani, usinunue. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ipo, na hata isingekuwepo, ukinunua kimoja kesho wataingia kuchimba. Magofu haya, pamoja na ya Songo Mnara, kisiwa jirani, yaliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 yalikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kuta zinamomonyoka, bahari inakula ufukwe. Hayahitaji mkono wako kuyamalizia. Na usijaribu kuibana Songo Mnara kwenye siku hiyohiyo, iwe ahadi ya safari nyingine.

Chakula ongeeni na mama mmoja wa kijijini jana yake, atawapikia wali wa nazi na samaki kwa bei ya kawaida, mkale mkishamaliza. Kisiwa kina watu, si makumbusho. Vaeni nguo za heshima, na mama anayeteka maji si mapambo ya picha yako, mwamkie kwanza.

Husuni Kubwa iwe mwisho. Iko upande wa mashariki, mwendo wa zaidi ya kilomita moja kutoka msikitini, juu ya mwamba unaotazama bahari. Ukiwa umepanga maji vizuri, nahodha anazunguka na mashua akuchukue chini ya mwamba saa maji yamejaa, huhitaji kurudi kwa miguu. Ndiyo siri yote ya ratiba yangu. Ni kasri la yuleyule al-Hassan bin Sulaiman, vyumba zaidi ya mia, birika la kuogea la pembe nane, na halikumalizika kujengwa. Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Morocco, alimkuta sultani huyo Kilwa mwaka 1331, akamsifu kwa ukarimu. Watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi.

Mwaka jana shangazi alikubali kuja tena, kwa sharti la kubeba kigoda chake. Alikiweka ukingoni mwa birika. Mzee akaanza kisa cha fakiri wa Yemen aliyemwomba sultani nguo alizovaa mwilini, na sultani akaingia ndani, akavaa nyingine, akampa zile. Na kwamba sultani alipokufa alirithiwa na ndugu yake Dawud, naye muombaji akija alikuwa anamjibu: aliyekuwa anatoa amekufa, na hakuacha kitu cha kutoa.

Mzee alikuwa bado kwenye nguo za fakiri nahodha alipoita kutoka chini. Maji yameanza kutoka, na kule kijijini wali umeshaiva. Nikamwinamia shangazi nimsaidie kuinuka.

"Mwambie angoje," akasema. "Huyu sultani hajafa bado."