Huyo Makato ni Mtoto wa Nani?

Kwetu cheo hakiombwi. Ukikosa kikao, unarudi unakuta umeshapewa. Ndivyo nilivyopata uweka hazina wa arobaini ya baba mkubwa, Julai 2021. Tulimzika Muheza, mimi nikawahi basi la kurudi Dar kwa kuwa kazini nilipewa siku mbili tu, na kabla hatujafika Segera simu ikaita. Shangazi.

"Mwanangu, wazee wamekaa. Michango yote itapita kwako, maana wewe una simu kubwa."

Simu kubwa yenyewe ilikuwa na ufa kutoka kona hadi kona, na ile akili yake ya kujua kwamba sasa iko sikioni, kioo kizime, ilikufa siku ilipoangukia mlangoni mwa daladala pale Tabata. Nikiongea na mtu, shavu linaandika. Nimewahi kumaliza mazungumzo na mama nikakuta tochi inawaka, kikokotoo kimefunguka na fundi wa friji yuko hewani anauliza, "Haloo? Haloo?" Mlishike hilo shavu, tutalihitaji.

Arobaini yetu ilikuja wakati mbaya. Tarehe 15 ya mwezi ule ule ndiyo tozo ya serikali kwenye miamala ya simu ilianza kukatwa, kuanzia shilingi 10 mpaka shilingi 10,000 kulingana na kiasi, juu ya yale makato ya kampuni tuliyokwisha kuyazoea kama mbu. Anayetuma anakatwa. Anayepokea akienda kutoa, anakatwa naye. Mji mzima ulikuwa unalia. Neno "tuma na ya kutolea", ambalo zamani mtu alilisema akicheka kidogo kwa aibu, sasa lilisemwa kwa uso wa mtu anayedai mahari.

Nami nikaliandika kwenye kundi la ukoo, kwa herufi kubwa: NDUGU ZANGU, TUMENI NA YA KUTOLEA. Nikajibiwa kwa dole gumba kumi na mbili na "amina" tatu. Binamu yangu wa Korogwe akatuma 5,000 kamili, na nyuma yake ujumbe: "Ya kutolea Mungu atakulipa."

Wiki ya pili salio likaanza kuyeyuka. Usiku naweka vocha ya 1,000, asubuhi nina 900. Sijapiga, sijatuma ujumbe, nimelala tu. Kesho yake 800. Nilimshuku mpwa wangu tunayekaa naye, kijana anayeweza kumaliza bando la watu watatu kabla uji haujapoa. Nikabadilisha namba ya siri. Salio likaendelea kwenda. Nikaibadilisha tena, safari hii nikaisahau mwenyewe, nikashinda nje ya simu yangu siku nzima. Jioni mpwa akanifungulia. Sikumuuliza ameijuaje.

Wakati huo huo watu nao wakabadilika. Shangazi alipiga kuuliza bei ya mchele, akaanza hivi: "Alhamdulillahi, naona wewe mwenzetu umeshapoa." Nikamjibu tunajikaza, shangazi. Bosi wangu, mtu ambaye hajawahi kunionyesha meno, akawa kila akipiga namkuta ameshaanza kucheka. Mama mkwe ndiye aliyenishangaza zaidi. Yeye aliacha kabisa kupiga, akawa anatuma ujumbe mfupi, tena wa salamu tupu. Nikasema moyoni, huyu ndiye mstaarabu, anauheshimu msiba wangu.

Na ustadhi wa kisomo alipopiga kuuliza atakuja na wanafunzi wangapi, nilipopokea nilimkuta katikati ya "audhu billahi". Nikajua ndivyo watu wa dini wanavyofungua mazungumzo.

Ikafika siku ya kwenda Muheza na hela. Ziliingia jumla shilingi 642,000, zote ziko kwenye simu, na mimi kwa ujanja wangu nikasema sitembei na noti kwenye basi, nitatoa huko huko. Wakala wa kwanza, wa duka la dawa, akanitazama kama niliyemwomba figo. "Laki sita? Kaka, floti ninayo, keshi ndiyo sina. Nina 80,000." Nikachukua 80,000. Wa pili alikuwa saluni, akanipa 120,000 huku mteja wake ana povu kichwani. Wa tatu kijana wa mwavuli, 100,000. Wa nne aliniambia nirudi saa kumi, wenye machungwa wakishauza. Mpaka jua linazama nilikuwa nimetoa mara sita, na kila nikitoa simu inalia ngring, ujumbe unaingia: makato kiasi hiki, tozo ya serikali kiasi hiki. Sikuandika popote. Si ipo kwenye simu?

Kisomo kikapita vizuri. Mbuzi wawili, pilau, watu wakashukuru. Baada ya sahani kuondolewa, wazee wakabaki kwenye mikeka chini ya mchungwa, na baba mdogo akavaa miwani.

Baba mdogo ni karani mstaafu wa mashamba ya mkonge. Huko, anasema, senti ikipungua walikuwa hawalali. Akasoma karatasi mara mbili kimya, kisha kwa sauti.

"Zimeingia 642,000. Zenye risiti ni 610,500. Mkononi umebaki na nini?"

"Sina kitu, baba mdogo."

"31,500 ziko wapi?"

"Ni makato, baba mdogo."

Akavua miwani. "Makato ndiye nani?"

Kabla sijafungua kinywa, bibi, ambaye sikio moja lilishastaafu na la pili linafanya kazi nusu siku, akadakia: "Makato yule wa Pongwe? Muuza mkaa?"

"Siyo mtu, bibi. Ni—"

"Huyo Makato ni mtoto wa nani, hata ale hela za marehemu?"

Shangazi akajaribu kunisaidia. "Mama, yuko na Tozo pia. Siku hizi wanakwenda pamoja."

"Kumbe wako wawili!" bibi akasema, na akavuta mkeka wake karibu ili asipitwe.

Nikaeleza. Nikaeleza tena. Nikawaonyesha jumbe za kutoa hela, lakini kwa ule ufa kila tarakimu 3 ilionekana 8, na hesabu badala ya kupungua ikaongezeka. Baba mdogo akaona mambo yanazidi kuwa marefu. Akasema tuanzie mwanzo: namba iliyopokea michango ni ile iliyoandikwa kwenye karatasi, au nina nyingine ya pembeni? Aipige, wote washuhudie inaita wapi. Akatoa kitochi chake mfukoni, akasoma namba moja moja kutoka kwenye karatasi, akakiweka sauti kubwa, akakilaza katikati ya mkeka, mbele ya ustadhi.

Simu yangu ikatetemeka mkononi. Na kutoka kwenye kitochi cha baba mdogo, badala ya ule mlio wa kuita, ikatoka singeli.

Kama hujawahi kusikia singeli chini ya mchungwa saa tisa alasiri, siku ya arobaini, niseme tu kwamba ngoma ile inakimbia kuliko moyo wa mtu anayefukuzwa na mbwa. Juu ya ngoma kulikuwa na kijana anabwata, na ubaya ni kwamba anatamka vizuri. Anajigamba kwamba pesa imeingia. Pesa ya nani, hasemi. Anachosema ni kwamba haitalala.

Dawa nilikuwa nayo mkononi: kupokea tu, wimbo ukatike. Sikupokea. Nilikuwa nimeganda naangalia kitochi kama watu wengine wote. Baba mdogo akakirukia, akawa anabonyeza kila kitufe kuuzima, nyota, reli, sifuri, tano, kila kitufe isipokuwa kile chekundu. Watoto walikuwa wanaosha masufuria nyuma ya nyumba. Wakatokea mbio na mmoja akaanza kucheza na mwiko. Ustadhi aliinua macho akatafuta chungwa lililoiva. Shangazi akajifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika, na mpaka leo anadai alikuwa analia.

Wimbo ulipokatika wenyewe, baba mdogo akasema taratibu, kwa sauti ya kule kwenye mkonge: "Pesa imeingia, anasema."

Ndipo shangazi akatoka kwenye mtandio na kunieleza kwamba hiyo ndiyo wanayoisikia wote, mwezi mzima, kila wanaponipigia. Mtu mwenye simu huwa hasikii, anasikia anayepiga. Ukoo mzima ulijua. Bosi alijua. Nikamkumbuka mama mkwe, na zile salamu zake za maandishi, nikatamani na mimi nipelekwe alikopelekwa baba mkubwa.

Nikaamriwa niwapigie hao watu wa mtandao pale pale, sauti kubwa. Mwanamke wa mashine akapokea, "Karibu mteja wetu mpendwa," na bibi akaitikia, "Starehe mwanangu, hamjambo huko?" Mashine ikasema kwa Kiswahili bonyeza moja. Bibi akasema ana adabu. Kwa vifurushi bonyeza moja, kwa huduma za fedha bonyeza mbili, kwa ofa mpya na kabambe bonyeza tatu. Ya kulalamika haikutajwa. Mwishowe tukaangukia kwenye muziki wa kusubiri, na kila dakika moja mashine inatokea kutuambia kwamba wahudumu wote wanahudumia wateja wengine na kwamba simu yetu ni muhimu kwao. Baba mdogo akaangalia saa yake. Ilikuwa muhimu kwa dakika 23.

Akapokea kijana mchangamfu. Akataka jina, namba ya kitambulisho cha taifa, na namba tatu za mwisho nilizopiga. Kisha akaniuliza mara ya mwisho niliweka vocha ya shilingi ngapi, nikamwambia na mimi ndiyo ninalolitafuta.

"Sawa, kaka. Naona hapa umejiunga na huduma ya wimbo kwa wanaokupigia. Siku saba bure, baada ya hapo shilingi 100 kila siku."

"Sijajiunga mimi!"

"Umejiunga kaka, tarehe ipo hapa. Ulikuwa unampigia mtu, ukausikia wimbo wake, ukabonyeza nyota kuuchukua."

Nikatafuta kichwani nani. Nikampata: bodaboda wa pale kijiweni kwetu, usiku mmoja wa mvua, nimembana kwenye shavu nikimsubiri apokee. Shavu likaipenda ngoma. Likabonyeza nyota, likaingia mkataba, bila hata kuniuliza mimi mwenye uso.

Nikamwambia aniondoe. Akasema hana uwezo huo, mwenye uwezo ni mimi mwenyewe kwa kutuma neno la kujitoa. Nikatuma. Jibu likaja haraka kuliko huduma yoyote niliyowahi kupata kwao: salio lako halitoshi kukamilisha ombi hili. Shilingi 100 ya siku ile ilikuwa imeshachukuliwa alfajiri.

Bibi akafungua fundo la kanga, akatoa noti ya 1,000 iliyokunjwa mpaka ikawa kama hirizi, na mtoto wa mwiko akatumwa vocha. Nikajitoa. Kijana wa huduma, ambaye bado alikuwa hewani, akauliza kama kuna kingine anachoweza kutusaidia. Bibi akamwambia amsalimie Makato.

31,500 nilizilipa mwenyewe, pamoja na nauli yangu ya kurudia, ambayo nilimkopa binamu wa Korogwe. Alinitumia kwenye simu. Bila ya kutolea.

Septemba serikali ikapunguza tozo kwa asilimia 30. Pilau letu lilishaliwa, lakini nikaona nimpigie baba mdogo nimpe habari, ajue kwamba mambo yale yalikuwepo kweli na hata serikali imeyaona. Nikanunua bando, nikatafuta mahali pametulia, nikaikaza simu sikioni na kuliweka shavu mbali, nikapiga.

Ngoma ikaanza. Ile ile. Kijana akabwata kwamba pesa imeingia, na kwamba haitalala. Nilitazama kioo kuhakikisha. Jina lilikuwa lake. Nikakumbuka vidole vyake vinavyopiga mbio juu ya vile vitufe, nyota, reli, sifuri, tano.

Akapokea. "Assalaam alaykum."

"Waalaykum salaam. Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umepiga." Akashusha sauti, kama mtu asiyetaka walio ndani wasikie. "Hii simu yangu siku hizi ina nini? Naweka vocha, asubuhi imepungua mia. Kila siku mia. Na sheikh wa msikitini hanipigii tena, ananitumia mtoto. Au ndiye yule uliyetuambia?"

Nilifikiri kidogo. Nikazifikiria 31,500 zangu.

"Ndiye huyo huyo, baba mdogo," nikasema. "Makato."