Mrabaha wa kobalti hauna kitivo

Tangu mfumo wa LMD (ngazi tatu za lisansi, masta na doktora) uwe wa lazima katika vyuo vikuu vya Kongo, mwaka wa masomo 2021-2022, swali moja linarudi kila walimu wa Lubumbashi wanapokaa kupanga programu. Lisansi sasa ni miaka mitatu na krediti 180. Je, humo ndani kuna nafasi ya masomo mtambuka ya jamii, yaani somo ambalo mwanahistoria, mwanauchumi, mwanasheria na mwanaanthropolojia wanaingia darasa moja kufundisha kuhusu jambo moja?

Wanaokataa husema mshika mawili moja humponyoka. Nadhani kinachowasumbua ni kumbukumbu ya kitu kingine kabisa: yale masomo ya jumla ya mwaka wa kwanza, logiki kidogo, uraia kidogo, utangulizi wa hiki na kile, kila mwalimu na daftari lake, wala hakuna anayejua mwenzake amefundisha nini. Hiyo kweli ni hasara ya saa. Lakini kupanga masomo kumi kwenye ratiba moja hakuyafanyi yawe mtambuka. Somo mtambuka huanza na swali gumu ambalo taaluma moja imeshindwa kulimaliza, na mwanafunzi hulikabili kwa mbinu za taaluma kadhaa mpaka aone kila moja inafika wapi na inakwama wapi.

Huko Marekani kazi hii ina umri mkubwa. Chuo Kikuu cha Columbia kilianza somo la namna hiyo mwaka 1919, Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha tu, na vyuo vidogo vya elimu pana, ambavyo mwanafunzi hachagui fani yake mpaka amepita huku na kule, vimeifanya kuwa mazoea. Barani kwetu chuo cha Ashesi cha Ghana, kilichoanzishwa 2002 na Patrick Awuah, mhitimu wa Swarthmore, kimoja cha vyuo hivyo vidogo, kimefuata njia hiyohiyo. Anayesema ni elimu ya kigeni akumbuke pia Lubumbashi ya miaka ya 1970. Mwaka 1971 vyuo vikuu vya nchi vilipounganishwa kuwa kimoja, fasihi na sayansi za jamii zilikusanywa hapa kwetu, wataalamu wa lugha, historia na jamii wakakaa mji mmoja. V. Y. Mudimbe, aliyesomea filolojia (taaluma ya lugha na maandishi yake) na kuandika falsafa, historia na riwaya, alifundisha hapa kabla ya kwenda Haverford, chuo kidogo cha elimu pana kule Pennsylvania.

Lakini hoja inayonishika mimi ni ya hapa nyumbani, na inahusu asilimia 15.

Kanuni ya madini ya Kongo iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha, yaani malipo ambayo kampuni hutoa kwa madini inayochimba na kuuza, hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 10 mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 kwa komini, sekta au cheferi (eneo la chifu), yaani utawala wa chini ambamo mgodi umo. Kobalti ilipotangazwa madini ya kimkakati, mwishoni mwa mwaka huohuo, mrabaha wake ukawa asilimia 10 ya thamani ghafi ya mauzo. Tuseme mgodi umeuza kobalti ya dola milioni 100. Mrabaha ni milioni 10, na ile asilimia 15 inafika dola milioni moja na nusu. Kwa sekta ya kijijini hizo si pesa za mchezo. Zahanati, barabara, visima, vyote vingeweza kutoka humo.

Sasa muulize mwanafunzi: zinakwenda kwa nani? Wa sheria atakusomea kifungu cha 242 cha kanuni hiyo bila kukosea. Wa uchumi atakuonyesha hesabu. Wote wawili wamechukulia kwamba mpaka wa sekta unajulikana, na hapo ndipo penye kazi. Sekta na cheferi nyingi zilipata sura yake kutokana na dekreti ya tarehe 5 Desemba 1933, Wabelgiji walipojumuisha koo ndogondogo ndani ya sekta na kuwaachia machifu wakubwa cheferi zao. Mipaka hiyo ilitumikia utawala uliotaka kodi na wafanyakazi. Leo ndiyo inayoamua nani apokee milioni moja na nusu. Kibali cha madini chenyewe hupimwa kwa miraba kwenye ramani ya kadasta, ofisi inayosajili vibali, na mraba hauulizi chifu ni nani. Kibali kimoja kinaweza kulalia sekta mbili. Ongeza swali la nani ni mwenyeji, katika jimbo ambalo Union Minière, kampuni ya madini ya enzi ya Wabelgiji, ilileta wafanyakazi kutoka Kasai na Ruanda-Urundi, ikawapa kambi na shule ili wakae na familia zao. Ongeza kugawanywa kwa Katanga kuwa majimbo manne mwaka 2015, Kolwezi na migodi yake ikaenda Lualaba, na ile asilimia 25 ikaifuata huko. Swali lililoonekana la hesabu sasa linataka hifadhi ya nyaraka, wazee wa ukoo, ramani na kifungu cha sheria, vyote kwa pamoja.

Niliwahi kuhudhuria utetezi wa tasnifu ya uchumi kuhusu mrabaha. Mjumbe mmoja wa jopo aliuliza kwa nini sekta mbili zinagombea mgodi uleule. Kijana alianza vizuri sana, akaeleza habari za chifu wa zamani na mto uliokuwa mpaka. Mwenyekiti akamkata: hayo ni ya wanahistoria, rudi kwenye jedwali lako. Akarudi. Jedwali lilikuwa safi, tarakimu zote zimesimama mahali pake, ila kwenye safu ya mpokeaji palikuwa na jina moja tu. Alipewa alama nzuri. Nilisikitika kwa sababu kijana alikuwa na jibu, na chumba kile hakikuwa na mahali pa kulipokea.

Utafiti wenyewe umekwisha kuvuka kuta hizi. Mwaka 2018 watafiti wa afya wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walichapisha kazi kuhusu Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti ndani ya viwanja vyao, wakaonyesha kwamba watoto wa pale walikuwa na kobalti nyingi mwilini. Damu na mkojo vilisema kiasi gani. Kwa nini familia ichimbe sebuleni kwake, hilo maabara haiwezi kulijibu peke yake. Mradi wa Mémoires de Lubumbashi (Kumbukumbu za Lubumbashi) nao, tangu 2000, umekuwa ukikusanya simulizi na vyombo vya kale vya wakazi, na wanahistoria hawakuufanya peke yao.

Upande wa pili una hoja nzito, na sitaki kuipita haraka. Kusoma kwa namna hii kunataka wanafunzi ishirini mezani, wakati sisi tuna kumbi zenye mamia, wengine wamesimama mlangoni. Tangazo la kazi hutafuta mwanasheria au mhasibu. Halitafuti mtu wa maswali. Zamani mzazi alilipa miaka mitano, leo mitatu, na ana haki ya kutaka mwanawe atoke na fani inayotajika. Tena kuna hatari ya kweli ya kupata kijana anayezungumza vizuri juu ya ukoloni na hawezi kusoma mizania ya kampuni. Huyo hatamsaidia chifu yeyote.

Ndiyo maana mahali pake naona ni mwaka wa tatu, mwanafunzi akiwa tayari na fani yake mkononi, na liwe somo moja lenye swali moja. Suala la idadi ya wanafunzi halitatatuliwa na wazo zuri. Linahitaji walimu, na walimu wanahitaji kulipwa. Lakini kuna kizuizi kidogo kinachoweza kuondolewa hata mwaka huu. Mwalimu hupandishwa cheo na kuhesabiwa saa ndani ya kitivo chake, na alama huamuliwa na jopo la kitivo. Wa sheria akifundisha pamoja na wa historia, mmoja wao anafanya kazi ya bure. Rekta na wakuu wa vitivo wakikubaliana kwamba orodha ya alama inaweza kubeba saini mbili, na saa zikaandikwa kwa wote wawili, somo la kwanza linaweza kuanza.