Tamasha la filamu wakati wa korona, nani alinituma?

Jamani, aliyewahi kuandaa tamasha dogo la filamu mwaka 2020 anyooshe mkono tulie pamoja. Mimi nilichoka mpaka nikachoka kuchoka.

Una ukumbi wa watu mia mbili, unaambiwa muachiane nafasi, ukipiga hesabu wanaingia hamsini, na nusu yao ni ndugu wa madairekta. Haya, twende mtandaoni. Weee! Huyu linki haifunguki, yule sauti inafika kabla ya picha, mwingine ananipigia saa sita usiku eti samahani, paswedi ni ipi? Paswedi nimeituma mara nne! Kwani mimi ni mwandaaji wa tamasha au fundi intaneti? Prodyusa naye hataki filamu yake ionekane nje ya nchi, itamharibia nafasi kwenye matamasha makubwa, eti yanataka filamu ambayo haijaonekana kwingine. Makubwa yapi kaka, wakati Cannes yenyewe, lile tamasha kubwa la Ufaransa, Mei ile haikufanyika? (Venice walifanya Septemba, sawa, na barakoa zao na viti vya kuruka, lakini wale wana bajeti, sisi tuna spika ya kuazima.)

Halafu ile ya maswali na majibu kwa Zoom sasa. Dairekta anaongea dakika kumi nzima, machozi yanamlengalenga, kumbe maiki kaizima. Sote tunapunga mikono kama tunafukuza nzi, yeye anadhani tunampongeza, anazidi kunoga tu.

Na yule wa paswedi? Kapiga tena, filamu imeshaisha.