Sauti hupungua hata mashine ikiwa bandia

Mtu mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaovuruga fikra, anaposikia sauti zikimtukana au kumwamuru, tiba ya kwanza ni dawa. Lakini takribani robo ya wagonjwa hubaki na sauti hizo hata wakimeza dawa sawasawa. Kwa ajili yao madaktari wamejaribu kuuchochea ubongo kwa sumaku na kwa umeme hafifu. Zaidi ya miaka 20 baadaye wataalamu bado wanabishana, na kiini cha ubishi ni kimoja: sauti hupungua hata pale mashine inapokuwa ya bandia, yaani inayoigiza tiba tu bila kuuchochea ubongo.

Tuanze na sumaku. Koili, yaani waya uliozungushwa unaotoa mapigo ya sumaku, yenye umbo la nane, hushikizwa kichwani upande wa kushoto, juu na nyuma kidogo ya sikio, katikati ya alama mbili ambazo wapimaji wa EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) huziita T3 na P3. Chini ya fuvu hapo ndipo ubongo unapochambua maneno. Nguvu hupangwa kwa kutazama mkono: daktari hutafuta kiwango kidogo kabisa kinachotikisa misuli ya kidole gumba walau mara 5 katika mapigo 10, kisha hutumia asilimia 90 yake. Pigo moja kwa sekunde kwa dakika 20 ni mapigo 1,200. Mwendo huo wa polepole unadhaniwa kulituliza eneo lililochangamka kupita kiasi.

Mwaka 2000, Ralph Hoffman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya wagonjwa 12: sauti zilipungua zaidi kwa sumaku ya kweli. Matumaini yakapanda. Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi wakaleta wagonjwa 62 na vipindi 15. Baadhi yao walielekezewa koili kwa picha za ubongo za kila mmoja. Sauti zilipungua katika makundi yote, la bandia likiwemo, bila tofauti ya maana.

Umeme umepita njia hiyohiyo. Jerome Brunelin na wenzake wa Lyon, Ufaransa, walichapisha mwaka 2012 jaribio la watu 30: miliampea 2, dakika 20, mara mbili kwa siku kwa siku 5. Umeme ulipitishwa kwa sponji mbili: chanya iliwekwa juu ya paji upande wa kushoto, hasi nyuma ya sikio. Sauti zilipungua kwa wastani wa asilimia 31, na nafuu ikadumu hadi miezi 3. Mwaka 2018 Waholanzi wakajaribu tena kwa watu 54, vipindi 10. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na ya kweli haikuishinda ya bandia.

Je, tuseme tiba hii haifai? Hapa haraka ni hatari. Jaribio la 2018 lilichanganya wagonjwa wa maradhi mbalimbali, wakati la Lyon lilikuwa la skizofrenia pekee. Baadaye kikundi cha Lyon kiliona pia kwamba wavuta sigara hawakunufaika kama wengine, na sigara ni tabia ya wagonjwa wengi wa skizofrenia.

Upande wa pili una hoja nzito zaidi, kwa maoni yangu. Koili ya kweli hulia kwa nguvu, hugonga ngozi na huweza kutikisa taya. Ikigeuzwa ubavu ili iwe bandia, mguso huo hupungua na mgonjwa huweza kubahatisha yuko kundi gani. Sauti zenyewe hupimwa kwa maswali. Kipimo cha PSYRATS kina maswali 11 yenye alama 0 hadi 4: zinakuja mara ngapi, zina ukali gani, zinaumiza kiasi gani. Mtu aliyekuwa peke yake na sauti zake, sasa anapokelewa kila siku na mhudumu anayemuuliza kwa upole. Nafuu anayoipata ni ya kweli, ila haithibitishi kwamba imeletwa na mapigo. Ndiyo maana taasisi ya NICE ya Uingereza, inayotoa miongozo ya tiba, iliamua mwaka 2020 kwamba sumaku kwa ajili ya sauti itumike katika utafiti tu.

Anayekubali kushiriki ajue yanayoharibika. Sponji ikikauka, umeme hujikusanya mahali padogo na kuunguza ngozi. Ilowanishwe kwa maji ya chumvi, isichuruzike. Nyaya zikibadilishwa, eneo lililokusudiwa kutulizwa huenda likachochewa. Hiyo ndiyo hofu yangu kubwa kwa wanaojiundia vifaa nyumbani kwa betri. Kwa sumaku, masikio yazibwe. Mwenye chuma kichwani au kifaa cha kusikia kilichopandikizwa asiikaribie koili. Anayetumia klozapini, mojawapo ya dawa za skizofrenia, aseme mapema, kwa kuwa dawa hiyo hurahisisha degedege, na sumaku nayo, ingawa ni nadra, huweza kuisababisha. Asiiache dawa ili apate nafasi kwenye mashine: washiriki wa majaribio haya kwa kawaida waliendelea na dawa zao, na sauti zikirudi kwa aliyeacha klozapini zaidi ya saa 48, hawezi kurudia dozi ya zamani siku hiyohiyo, huanzishwa upya kwa kiwango kidogo.