Mwandishi wa Visiwani Huokota Wapi Hadithi Zake?

Ikizungumzwa riwaya ya Zanzibar, ubishi uleule haukawii kuzuka: mwandishi achote maisha ya watu anaoishi nao, au atunge kwa fikra zake na vitabu alivyosoma?

Wa upande wa kwanza wana ushahidi mzito, na shahidi wao mkuu ni Adam Shafi. "Kuli" imejengwa juu ya mgomo wa 1948, ulioanzia kwa wachukuzi wa bandarini ukasimamisha mji. "Haini" ilizaliwa na kukamatwa kwake mwenyewe baada ya Mzee Karume kuuawa Aprili 1972. Zile kurasa za jela, mtu angeziwaza vipi akiwa amelala kitandani kwake?

Lakini hebu tuhesabu miaka. Adam Shafi alizaliwa 1940. Mgomo ulipotokea alikuwa mtoto wa miaka minane, na "Kuli" ikatoka 1979. Hakubeba gunia pale bandarini. Jasho la makuli wale alilipata kwa wengine, na masimulizi yalipokatika ilibidi ajazilize mwenyewe. Basi hata shahidi wao, nusu ya ushahidi wake ni wa upande wa pili.

Huko upande wa pili anasimama Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi. Bwana Msa wake, na kiko mdomoni, na sahibu yake Najum anayemfuata huku akistaajabu, ni Sherlock Holmes mtupu, yule mpelelezi wa hadithi za Kiingereza. Wapo wanaomkebehi kwa hilo. Mimi naona wanamwonea. Mpelelezi kakopwa, ndiyo, lakini maiti imekutwa kwenye mzimu, pahala ambapo watu wa shamba hupeleka ubani wao na hawapendi kupapitia usiku. Msomaji wa Unguja anaogopa kabla hajaambiwa aogope. "Mzimu wa Watu wa Kale" ilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957–58, na sidhani ilishinda kwa sababu ya kiko. Ukiondoa mizimu na Giningi, ule mji wa wachawi wa masimulizi ya visiwani, Bwana Msa anabaki Mwingereza aliyevishwa kanzu.

Abdulrazak Gurnah naye aliondoka Unguja kijana, akaandikia Uingereza. Katika "Paradise" ya 1994, ambayo sasa tunaisoma kama "Peponi", mtoto Yusuf anatolewa na babake kwa tajiri Aziz kufidia deni, kisha mke wa tajiri anamtamani. Aliyepita chuoni hahitaji kuelezwa kisa hicho kimetoka sura gani ya Kurani. Na misafara ya bara iliyomo humo ilikuwa imekwisha kitambo kabla Gurnah hajazaliwa.

Kuna hoja moja inayowapa nguvu wapenda kubuni, nayo husemwa kwa sauti ya chini: visiwa ni vidogo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu wasiofika milioni mbili Unguja na Pemba. Ukiandika leo juu ya mke aliyeachwa Wete au sheha mla rushwa, kesho barazani wamekwishamtia jina. "Huyu si yule wa Mtambwe?" Na hapo huenda ulimtunga mwanzo mwisho! Siri za nyumba ya mtu si zako, na sioni kwamba uhodari wa kalamu unakupa ruhusa ya kuzianika. Ndiyo maana namwelewa mwandishi anayeazima kisa cha kale, au cha mbali, apate kuwasema wa karibu.

Hata hivyo, nikilazimishwa kuchagua, nawaegemea wa barazani, wanaochota maisha ya watu, na sababu yangu ni wakati tu. Vitabu vitatungoja. Aliyekuwa na miaka kumi wakati wa Mapinduzi ya 1964 sasa kavuka sabini, na mabaharia wa majahazi na wachumaji karafuu wa enzi hizo wanapungua kila mwaka. Riwaya itakayoandikwa juu yao miaka ishirini ijayo itategemea daftari linalojazwa sasa. Majina yabadilishwe, bila shaka, na mtaa uhamishwe. Hata kisiwa, ikibidi.