Gunia la Udi

Kila harusi ya Mombasa ina saa yake ya biriani, na saa hiyo ndiyo sikukuu ya wezi wa vyombo. Sinia likishashuka hakuna mpigaji mwenye akili timamu. Fidla huachwa kitini, maiki huachwa ikining'inia, na bendi nzima hujikuta imelizunguka sinia, mikono imo ndani, migongo imeelekea jukwaani.

Hivyo ndivyo tulivyoibiwa kinanda kule Kisauni. Tuliporudi, miguu ya kinanda ilikuwa imesimama palepale, waya wa umeme umechomekwa ukutani, kataa kekundu ka adapta kanawaka, ila kinanda chenyewe hakipo. Mwizi alikuwa mstaarabu. Alichomoa waya upande wa kinanda taratibu akaukunja akauweka kando, asije mtu akajikwaa.

Tukenda kituoni kuandikisha. Askari alikuwa mpole, kalamu mkononi.

"Hicho kinanda kina alama gani?"

Tukatazamana. Mzee wetu wa kodiani akasema, "Ni cheusi."

Askari akaandika. "Chengine?"

"Kina vidude vyeupe."

Akaandika.

"Na vyeusi katikati ya vyeupe," nikaongeza mie, nikijiona nimesaidia.

Askari akaiweka kalamu chini. Nambari ya kiwandani hatukuwa nayo; tulikipiga kile kinanda miaka sita na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukipindua akatazama tumboni. Picha tuliyokuwa nayo ni moja tu, na humo kinanda kimezibwa chote na kitambi cha mwimbaji. Tukapewa nambari ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, tukarudi nyumbani na kijikaratasi.

Tangu siku ile nikawa na wazimu. Nilipiga picha kila chombo cha bendi mbele, nyuma na ubavuni, nikanakili nambari zote kwenye daftari la mwanangu la hesabu. Nikanunua mnyororo na kufuli, spika zikawa zinafungwa kama ng'ombe. Nikaweka sheria ya kula kwa zamu mbili, ambayo ilinipa maadui, kwa sababu zamu ya pili hukuta mifupa. Na udi wangu nikauchora kinyota kidogo chini ya shingo kwa ncha ya msumari wa moto, mkono ukitetemeka kama namtahiri mtu.

Udi ule ndio roho yangu, sina haja ya kuficha. Una nyuzi 11, jozi tano na ule mnene mmoja unaokaa peke yake, na tumbo lake limeungwa kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyopindwa vikashikana kwa gundi. Ukiuacha ndani ya gari juani kwa saa moja, gundi huanza kulegea na udi ukaachia viungo kama mzee aliyeamka vibaya. Kwa hivyo hauachwi garini, hauachwi jukwaani, haupewi mtu. Umebaki kubebwa.

Na hapo ndipo penye shida, maana mie nakaa Likoni. Kwenda harusini mjini lazima nivuke feri, na feri ya jioni nyote mwaijua: watu, baiskeli, mikokoteni, magari, mbuzi. Mkoba wa udi una umbo lake, hata kipofu akiupapasa atajua humu mna kitu cha pesa. Nikawaza sana. Nikamwomba mke wangu leso kuukuu, nikauvingirisha mkoba, kisha nikautia wote ndani ya gunia la mchele, nikafunga mdomo kwa kamba ya katani. Nikajitazama kwenye kioo, mpigaji mzima wa taarabu, kanzu nyeupe, gunia begani. Nani ataniibia gunia?

Nimefika katikati ya kivuko, mama mmoja akanigusa.

"Mwanangu, fenesi hilo wauzaje?"

"Si fenesi, mama. Wala siuzi."

Akaliminya. "Bichi hili, bado," akasema, akageuka. Moyoni nikacheka. Maarifa yangu yamefanya kazi.

Harusi ilikuwa Kibokoni, kwenye vile vichochoro vya Mji wa Kale ambamo tuktuk ikiingia, wewe huna budi kuingia mlangoni kwa watu. Wanaume tumetandikiwa uchochoroni chini ya turubai, wanawake wako ghorofani na bibi harusi, madirisha wazi wapate kutusikia. Tukafunga mitambo. Spika nikazitia mnyororo kwenye nguzo ya baraza. Gunia langu nikalisukuma chini ya jukwaa, nyuma ya sanduku la waya, nikamwita kijana wetu.

Huyu kijana alikuwa mjukuu wa mzee wa kodiani, na siku ile ndiyo kwanza aanze kazi. Kwa waya na maiki hana mpinzani. Lakini vyombo vyetu vya kale alikuwa hajavizoea. Tashkota, kile chombo cha nyuzi chenye vidude vya kubonyeza, aliiita taipureta. Udi wangu, mara moja aliyouona, aliuita gitaa la mviringo, nami sikumrekebisha. Laiti ningemrekebisha.

Nikamwambia, "Sikiza. Mie naenda kuswali Isha. Humu guniani mna udi, wa thamani kubwa sana. Usiondoke hapa hata nyumba ikiungua."

"Udi?" akauliza, macho yamemtoka. "Gunia zima?"

"Gunia zima," nikasema, nikaenda zangu.

Niliswali, nikapita kwa muuza kahawa, nikanywa vikombe viwili na kipande cha haluwa. Niliporudi kijana yuko palepale, kasimama wima kama askari wa mlangoni. Nikainama chini ya jukwaa. Sanduku la waya lipo. Gunia halipo.

"Gunia liwapi?"

"Nimeshawapa," akasema kwa furaha.

"Umewapa nani?"

"Wenyewe. Kaja mtoto katumwa kutoka juu, kauliza kama udi umefika, bibi harusi angoja kufukizwa. Nikampelekea mpaka mlangoni, maana ni zito."

Nilikaa chini na kanzu yangu nyeupe. Waarabu ndio waliotutia katika balaa hili, wakatupa neno moja kwa miti miwili, wa kupiga na wa kufukiza, wakapanda majahazi yao wakarudi kwao. Mbele ya macho yangu nikaona udi wangu umelala juu ya chetezo, makaa yamekolea, kinyota changu kinayeyuka.

Kule juu siwezi kupanda. Mwanamume akitia mguu ghorofani usiku ule, atatoka kwa dirishani. Nikagonga mlango, kikatoka kichwa cha mtoto wa kike, miaka minane hivi, hina mpaka viwikoni.

"Mwanangu, mwambie nyanya udi ule ni wangu."

Akapanda mbio, akashuka. "Nyanya asema udi umepokewa, ahsanteni sana, Mungu awazidishie."

"Mwambie si udi wa kufukiza. Ni udi wa kupiga."

Akapanda, akashuka. "Nyanya auliza, wampiga nani?"

Nyuma yangu bendi yote ilikuwa imeshajaa, mzee wa kodiani kajishika mbavu. Nikamwambia mtoto, mwambie una nyuzi 11. Akashuka na jibu kuwa nyanya hana nafasi ya mafumbo. Nikatoa simu, nikafungua picha zangu, mbele, nyuma, ubavuni, na kinyota kwa karibu. Nilihisi nimepata. Ndiyo kazi ya picha hii, askari mwenyewe angenipa mkono. Simu ikapanda. Juu kukatoka kicheko cha wanawake kilichotikisa turubai. Simu ikashuka.

"Nyanya asema huo aujua, ni wa taarabu. Kautafute kwa wapiga taarabu wenzio. Yeye kapokea wa kufukiza."

Ya huko juu nilikuja kuyapata baadaye. Nyanya yule alipoona udi umeletwa kwa gunia, na udi mzuri watu hununua kwa tola, kile kipimo kidogo cha uzani, alidhani ni zawadi ya upande wa bwana harusi. Na mawifi zake wote walikuwa mle ukumbini, kila mmoja na pua yake. Akiwafungulia, kila mtu ataomba kipande. Hakulifungua hata kidogo. Alilibeba mwenyewe, na miguu yake ile mibovu, akalitia kabatini pamoja na dhahabu za bibi harusi, akapiga ufunguo, akaufunga ufunguo kwenye pindo la leso yake, akarudi kukaa. Tangu udi wangu utengenezwe haujawahi kulindwa namna ile.

Saa ikafika, baba harusi akaashiria tuanze. Mpigaji udi sina udi. Wakanipa cherewa. Miaka ishirini na kitu ya kupiga udi, nikakaa pembeni natikisa kikopo, tena nachelewa. Baada ya nyimbo mbili, mzee mmoja wa mstari wa mbele, ambaye hatukosi harusini naye, akaniinamia sikioni:

"Leo muziki wenu umetulia. Kuna kelele moja mmeipunguza, sijui ni nini."

Nikaendelea kutikisa.

Katikati ya wimbo wa nne nikaona watu wanatazama juu. Dirisha la ghorofa limefunguliwa, na kutoka dirishani linashuka gunia, limening'inizwa kwa leso nne zilizofungwa ncha kwa ncha, linazunguka polepole juu ya kilemba cha baba harusi. Na linatoa moshi. Fidla ikanyamaza. Nikaruka na cherewa mkononi, nikalipokea kama mtoto anayeshushwa kutoka motoni.

Nikafungua kamba, leso, mkoba. Udi wangu mzima, kinyota mahali pake, na kwenye tundu la tumbo moshi mwembamba unatoka umejikunja, harufu yake mpaka baharini. Nyanya alikuwa ameingia chumbani peke yake, kwa siri, kuchukua kipande cha chetezo, akakuta alichokikuta. Kuomba radhi mbele ya mawifi hakuweza. Akaushikilia udi juu ya chetezo, akaufukiza vizuri ndani na nje kama nguo ya arusi.

Mtoto wa hina akatokea mlangoni na sahani ya haluwa.

"Nyanya asema yeye keshafukiza. Sasa wewe piga."

Nilipiga. Nyuzi zilikuwa zimelegea kwa joto, nikakaza weee, lakini nilipiga mpaka saa saba, na yule mzee wa mstari wa mbele alihama kiti.

Saa nane za usiku niko kwenye feri narudi Likoni, gunia begani, watu wachache, upepo watoka upande wa bahari. Mtu wa kwanza akageuka, kisha wa pili. Dereva mmoja akashusha kioo cha gari akanusa. Mwisho kijana mmoja aliyekuwa ameegemea reli akanisogelea, akalitazama gunia, akashusha sauti:

"Ami, huo udi wauza tola ngapi?"

"Udi gani?" nikamwambia, nikilikumbatia. "Fenesi hili."