Safari ya Zege

Hivi mtoto wa miaka 10 amekuwa mtu mzima tangu lini? Kule Walt Disney World, zile bustani za burudani za Florida, Marekani, ndivyo ilivyo. Akifikisha 10 tu analipa kiingilio cha mkubwa. Bado anadondosha wali mezani, lakini kwenye malipo yuko sawa na mimi mwenye mvi za ndevu. Ila akitaka kuvaa gauni la binti mfalme na taji, mwisho ni miaka 13. Yaani ukubwa wa kulipa unaanza 10, ukubwa wa kukatazwa unaanza 14. Mimi yote mawili yameshanipita.

Na sikwenda kwa kupenda. Shemeji yangu kaja kutoka Tanga, mke wangu akasema mgeni atembezwe. Nikapendekeza ufukweni, mambo rahisi. Shemeji akaniangalia juu mpaka chini: "Shem, nitoke Tanga nije kuangalia bahari?" Hoja ina mashiko, nikanyamaza. Halafu yeye mwenyewe akachagua Animal Kingdom, bustani ya wanyama ya hapo Disney, twende tukaangalie twiga.

Kiingilio cha mtu mmoja kwa siku kinapita dola 100, na hapo gari hujaliegesha.

Humo ndani kuna kijiji kinaitwa Harambe. Wamekijenga kwa kuiga Lamu na miji mingine ya pwani yetu, na kimekuwepo tangu bustani ilipofunguliwa mwaka 1998. Sasa usidhani ni Lamu ya kwenye kalenda. Rangi imebanduka, plasta imemeguka, matofali yanachungulia, matangazo ya ukutani yamefifia. Nikasema moyoni, hawa nao wamezembea. Kumbe wapo mafundi waliolipwa kuuchakaza ukuta mpya! Mama mwenye nyumba wangu wa zamani, Magomeni, kuta zake zilikuwa vilevile, na wapangaji tulimnunia kila mwisho wa mwezi. Masikini, angeuza tiketi.

Tukapanga foleni ya Kilimanjaro Safaris, ile ya kupandishwa lori ukaangalie wanyama. Mlangoni kuna ubao wa dakika za kusubiri. Ukiusoma, miguu inaanza kuuma hata hujasimama. Watoto wao wananing'inia kwenye vyuma, raha mustarehe. Sisi wa rika hili tunahamia mguu huu, tunarudi ule, goti linadai haki zake. Mbele yangu mzee mmoja kavaa masikio ya Mickey, yule panya wa katuni za Disney, juu ya upara, uso mkavu kama yuko benki. Hakuna aliyecheka. Nikajikohoza.

Lori likaja, wazi pembeni, tukapanda. Hatujafika mbali tukaanza kurushwarushwa. Makorongo, matuta, madimbwi, na dereva anatuambia tushike vizuri, tena kwa bashasha! Ndugu zangu, ile njia ni zege. Wamelitia rangi ya udongo, likiwa bado bichi wakaliviringishia matairi, wakatupia mawe na vijiti, mpaka ikatoka mbovu jinsi walivyoitaka. Kwetu mbunge anaomba kura miaka mitano kwa ahadi ya kuziba shimo moja. Hawa wamelimwagia zege ili lisije likazibika.

Shemeji akanishika mkono. "Shem, hii si njia ya Pangani, ile kabla ya lami?"

"Ndiyo yenyewe. Tofauti nauli."

Wanyama ni wa kweli, siwasingizii. Twiga yupo, tembo yupo, kiboko yupo. Mibuyu ndiyo ya kufinyangwa. Aliyeniudhi ni simba. Mwamba anaolalia unapozwa joto likizidi, ili asije akakimbilia kivulini wateja wakakosa kumwona. Florida mwezi wa saba, unyevu umekugandisha shati mgongoni, mimi mlipaji nachuruzika jasho; yeye ambaye hakutoa hata senti kajinyoosha juu ya kiyoyozi. Na hakuunguruma. Kafumba macho, kageuza tumbo, basi. Shughuli nzima dakika kama 20, mnateremshwa.

Pa kutokea maduka yamekusubiri. Shemeji akazunguka, akapapasa, akachagua kinyago cha twiga. Cha kupeleka Tanga! Nikataka kufungua mdomo, mke wangu akanikanyaga. Shemeji akaongeza na kingine cha mama mkwe.

Kwenye gari kafungua ramani, kagundua bustani za pale ziko nne, leo tumemaliza moja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa hesabu zangu, siku hiyo ya tatu jembe nitakuwa nimeshaliuza.